Nilivyomtoa Mzee Kibwana Kafara Bwawani

Shoga zangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Na nikisema kweupe nina maana yake: ukungu ulikuwa mzito kama uji wa mchele. Nimekuja moja kwa moja mjini, kwenye duka la intaneti, suruali bado mbichi, nawaandikia kwa kidole kimoja. Dada wa kaunta amenitandikia gazeti kwenye kiti nisimlowanishie. (Hajaniuliza kitu. Mungu ambariki.)

Mnajua shamba letu la mkonge kule nje ya Kihonda limebinafsishwa. Wenzetu wengi walipunguzwa. Madereva wa trekta tumebaki wawili: mimi na Mzee Kibwana, yule yule aliyenipokea nilipotoka chuo cha ufundi, akanifundisha trekta wakati wengine wananicheka. Mwajiri mpya anataka dereva mmoja tu. Na trekta halitaki tena. Ameleta dude lenye magurudumu manane, halina usukani, linapita kwenye tope, na likifika majini linaendelea tu kama halijaona. Litakuwa la kukagua bwawa na kung'oa magugu maji. Sisi tumeliita Chura.

Mkufunzi wetu ni Onyango, fundi kutoka Kenya. Katufundisha kwamba Chura lina mikono miwili ya chuma mbele ya kiti. Ukivuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto yanasimama na gari linageuka kushoto. Wa kulia, vivyo hivyo. Ukivuta yote miwili, linasimama. Majini hakuna pangaboi wala kasia, ni magurudumu yale yale yanachapa maji. Rahisi sana. (Nchi kavu niligonga ukuta wa choo cha ofisi, lakini ule ukuta ulikuwa na ufa tangu enzi za serikali.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Unavuka bwawa, unagusa mti wenye bendera nyekundu ng'ambo, unarudi. Meneja mpya alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa ukingoni, akakunja nne.

Sasa, ukungu wa milima ya Uluguru kwa kawaida huishia Bigwa, pale chini ya mlima. Sisi kule shambani tunautazama tu kwa mbali. Leo uliteremka, ukapita mji mzima, ukaja kulala juu ya bwawa letu. Hakuna upepo. Hakuna ndege. Maji huyaoni, unayasikia tu yakilamba ukingo, polepole, kama ng'ombe anayekunywa.

Onyango akasema, "Wacha tungoje kidogo. Hii ukungu ni mingi."

Mzee Kibwana naye akanisogelea. "Felista mwanangu, bwawa hili si la kuingia huku huoni."

Niwaeleze kwa nini alisema hivyo. Chini ya yale maji kuna kambi. Zamani, bwawa lilipokuwa dogo, manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge walikaa pale, na waliofariki walizikwa pale pale. Bwawa likapanuliwa. Nyumba zikafunikwa, makaburi yakafunikwa. Watu wa kule husema asubuhi za baridi unasikia kipande cha reli kikigongwa huko chini, kama kilivyokuwa kikigongwa kuwaita kazini.

Mimi mambo hayo siyaamini. (Nilikuwa siyaamini.)

Meneja akauliza, "Nani anaanza?"

Nikawaza watoto wangu, mdogo ndiyo kwanza kaanza shule. Nikamwangalia Mzee Kibwana, nikaona amesita. Nikasema kwa sauti ya mtu anayegombea ubunge, "Mimi! Trekta nimeendesha kwenye mvua za masika, itakuwa moshi wa baridi?"

Wakanivalisha jaketi la kuokolea. Dogo! Limenibana hadi napumua kwa zamu. Nikawapungia mkono. (Yesu wangu, nikawapungia mkono.)

Chura likaingia majini vizuri kabisa. Nikageuka kuona kama meneja ananiona. Hakukuwa na meneja. Hakukuwa na ukingo. Nyuma yangu kulikuwa kweupe, mbele kweupe, na maji meusi kuzunguka magurudumu tu. Nikajiambia, Felista, nyoosha, ng'ambo haihami.

Nikanyoosha. Nikaenda. Ukatokea mti mkavu umesimama majini, una mfuko mweupe wa mbolea umenasa kwenye tawi, unaning'inia kama kichwa kimeinama. Nikaupita kushoto kwangu.

Nikaenda tena. Ukatokea mti mkavu, una mfuko mweupe.

Nikasema, miti ya bwawani inafanana. Nikaupita. Nikakanyaga mafuta zaidi. Ukatokea mti mkavu, una mfuko mweupe, safari hii karibu zaidi, na naapa ule mfuko ulikuwa umeinua shingo.

Shoga zangu, mti ulikuwa unanifuata.

Nikavuta mkono wa kulia kwa nguvu zote. Chura likazidi kwenda kushoto. Nikazima injini nisikilize, kwa sababu Onyango alisema ukisikia gari halikutii, zima kwanza. Kikaja kimya ambacho sijawahi kukisikia. Hata masikio yangu niliyasikia.

Halafu: ngo.

Nikashika jaketi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma juu ya chuma. Polepole. Hakikuwa mbele wala nyuma, kilikuwa ndani ya ukungu wenyewe, na sehemu ya chini ya Chura ilikuwa inatetemeka kwa kila pigo, au mimi ndiye niliyekuwa nalitetemesha, sikuwa na muda wa kuchunguza. Nikawasha injini. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikawasha tena. Haikukohoa hata kidogo.

Na chini ya gari kitu kikaanza kukwaruza. Krrr. Kama kucha. Krrr. Kikasimama. Kikaanza upande wa pili.

Nikasali Baba Yetu. Nikafika katikati nikasahau, nikaanza upya, nikasahau pale pale. Ngo, wakajibu. Basi nikaona tuongee kama watu wazima.

"Wazee wangu!" nikapaza sauti. "Shikamooni! Mimi si mwajiri! Mimi ni mfanyakazi kama nyinyi!"

Ngo.

"Nina watoto wadogo!"

Ngo.

Sasa hapa ndipo, wenzangu, nataka mnihurumie. Kama hujawahi kukwaruziwa gari kutoka chini kwenye bwawa lenye makaburi, usinihukumu.

"Kama mnataka mtu," nikapiga kelele, "mchukueni Mzee Kibwana! Yeye watoto wake wameshakua! Ameshaishi! Ana nyumba ya bati! Mchukueni Kibwana, mniache mimi!"

Ngo haikuja.

Kisha sauti ikatoka kwenye ukungu, karibu kabisa na sikio langu la kushoto, nzito, taratibu:

"Haya, Felista. Nimesikia."

Sikupiga yowe. Mtu akipiga yowe ana pumzi. Nilichofanya ni kulala chali sakafuni mwa Chura, miguu juu, nikafumba macho, nikangoja.

Kitu kikashika ukingo wa gari. Kikalivuta. Nikafungua jicho moja. Mkono. Mkono wenye saa. Halafu kofia yenye kiraka. Halafu uso wa Mzee Kibwana, amezama hadi kiunoni, magugu maji begani. Alikuwa ameingia majini na nguo zake zote kuja kunitoa.

Akaniangalia. Nikamwangalia. Maneno yaliyonitoka ni haya:

"Shikamoo, mzee."

Akatoa gugu moja begani, akalitupa majini.

"Marahaba," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Maji yakanifika kiunoni. Na hapo, kama pazia la ukumbi, ukungu ukajifungua. Ukingo huu hapa! Ningeweza kumtupia meneja kiatu. Wote wamesimama: meneja, Onyango, mhasibu, walinzi, na akina mama wa jikoni wameshika vifuniko vya masufuria. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mambo yalikuwa hivi. Magugu maji yalikaba magurudumu ya kushoto tangu mwanzo. Chura likawa linazunguka mahali pamoja, mti ule ule mmoja, mimi nadhani nimefika katikati ya bwawa. Kukwaruza kule ni mawe ya ukingoni, nilikuwa nimeshafika kwenye kina kifupi. Na ile reli? Onyango alikuwa anagonga ringi ya gari kwa nyundo ili nifuate sauti nirudi.

"Nilipiga mara chache tu," akaniambia tukiwa tunavuta Chura nje. "Ulipoanza kusalimia wazee, niliacha. Nyundo iliniponyoka."

Nikasimama. "Uliacha?"

"Niliacha kabisa, mama."

Lakini mimi niliwasikia wakinijibu. Baada ya salamu. Baada ya watoto. Nikamgeukia Mzee Kibwana, aliyekuwa anakamua suruali yake. Hakuinua kichwa.

"Hata mimi nilisikia," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana niliingia majini kwa haraka."

Meneja hakusikia hayo. Yeye alikuwa ameshaamua. Akasema ameona kwa macho yake kwamba gari hili ni hatari kwa mtu mmoja, kwa hiyo ataajiri wawili, na hawatatenganishwa: popote liendapo, mimi na Mzee Kibwana tutakuwa ndani. Kesho asubuhi tunaanza, upande wa makaburi, ndiko magugu yalikojaa.

Nilitaka kurukaruka kwa furaha. Nikageuka nimpe mzee mkono. Akaupokea, akaushika bila kuuachia.

"Felista mwanangu," akasema, "nyumba yangu ni ya bati kweli. Lakini kesho wewe utakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma. Wakija kuchukua walichoahidiwa, waanze kuulizia kwako."

Kisha akaenda zake kunywa chai, akiacha alama za maji njia nzima.

Shoga zangu, tafadhali msicheke. Na mwenye kujua unaanzaje kumwomba radhi mtu uliyemtoa kafara akiwa anakusikia, anijibu haraka, maana kesho tunapanda gari moja.