Siku ya Kuiaga FAT32, Kasulu

(Ukumbi wa mikutano, Kasulu. Mezani kuna kitu kidogo kilichofunikwa kitambaa cha bluu. Pembeni, spika kubwa imepunguzwa sauti.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Mageuzi ya Diski, wa Kamati Ndogo yake, na wa Kikosi Kazi kinachozisimamia kamati zote mbili. Wazee wetu kutoka Kibondo, Kakonko na hapa Kasulu. Masheikh, wachungaji, mabibi na mabwana, wenye viti na mliosimama: mwakeye!

(Umati: Mwakeye! Sauti nyuma: Tuko hapa tangu saa mbili, mzee!)

Mimi, Khamisi Abdalah, Mwenyekiti wa Kamati Kuu, mwenye stashahada mbili na cheti cha kuhudhuria, ninayo heshima ya kutangaza kwamba ile diski ya Ofisi ya Kumbukumbu za Nyanda, iliyobeba ushuhuda wa video wa wazee mia mbili na kumi na mmoja kuhusu mashamba yao, leo inaondoka katika mfumo wa FAT32 na kuingia, kwa kishindo, kwa weledi na kwa mujibu wa mpango mkakati, katika mfumo wa NTFS.

(Makofi ya safu ya mbele.)

Kwa wale ambao hawakuteuliwa kuhudhuria semina, niseme kwa lugha nyepesi kwamba mfumo wa mafaili ni utaratibu ambao diski huutumia kujua nini kimewekwa wapi, na kwamba FAT32 ni utaratibu wa kizamani usiokubali faili moja lizidi gigabaiti nne, jambo ambalo, katika karne ya dijitali, ni aibu kwa diski, kwa ofisi, na kwangu mimi binafsi. Ninyi ndugu zangu mnajua kuhama kuliko wataalamu wowote, mmehamishwa kambi hadi kambi na sufuria kichwani, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza kwamba kuhama ni maendeleo.

(Mama mmoja safu ya tatu: Sufuria tulifika nazo. Wewe umefika na nini? Kicheko.)

Namtambua mama yetu, Mama Vestina, mjane wa marehemu Mzee Sylvesta Ndayikunda wa Kasanda, na napenda umma ufahamu kwamba yeye ndiye mnufaika wa mfano wa mradi huu. Marehemu, miezi mitatu kabla ya kututoka, alirekodiwa akiizunguka mipaka ya shamba lake kwa miguu, kutoka ua wa minyaa hadi kwenye jiwe na kutoka kwenye jiwe hadi kijitoni, akimtaja aliyempa na waliokuwepo, ambao wote sasa ni marehemu pia. Kamera ikayakata maelezo hayo vipande viwili. Sasa jirani analidai shamba, baraza la ardhi linakaa Alhamisi, nalo linataka faili moja lisilokatwa. Tulipoviunga vipande hivyo vikawa gigabaiti sita, na FAT32 ikakataa. Hapo ndipo Kamati ilipozaliwa.

(Mama Vestina: Ni mwaka na miezi miwili, baba. Ningeomba vipande vyangu hivyo hivyo.)

Subira, mama, tunakwenda kwa takwimu. Tumekaa vikao thelathini na saba, vinne kati yake vikijadili rangi ya kitambaa hiki mnachokiona. Tumefanya ziara ya mafunzo kwenye wilaya ambayo nayo haijabadili diski, ili kujifunza changamoto. Tumetoa fulana. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane kwa upande wa maandalizi na asilimia mia na nne kwa upande wa hamasa.

(Umati: Ego, ndiyo! Sauti: Na kazi yenyewe?)

Kazi yenyewe ina maadui. Yupo hapa Bwana Badru, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi, ambaye alithubutu kuja mbele ya Kamati na kudai kwamba mtu akishaweka nakala ya mafaili kwenye diski nyingine, kubadili FAT32 kuwa NTFS ni kuandika amri moja, bila kufuta kitu, na ukamaliza kabla chai haijapoa. Nilimuuliza, na leo namuuliza tena mbele ya umma: amri moja ina wajumbe wangapi?

(Badru, akisimama: Haina wajumbe, Mheshimiwa, ina nukta mbili na mkwaju. Nakala mmeweka?)

Kuweka nakala, Bwana Badru, ni dalili ya kutojiamini, na Kamati hii inajiamini. Keti. Ndugu wananchi, nihitimishe. Diski moja!

(Umati: Mfumo mmoja!)

FAT32!

(Umati: Kwaheri!)

Sasa niwashukuru waliofanikisha. Namshukuru fundi seremala kwa kutuchongea kipande hiki cha mbao kilicho chini ya kitambaa, ambacho kwa mbali kinafanana kabisa na diski. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Zena, mratibu wetu wa burudani, ambaye asubuhi ya leo alikuja ofisini akihangaika kwamba hana pa kuweka nyimbo, nami nikamkabidhi diski yenyewe, ndiyo ile iliyochomekwa kwenye spika pale. Kwa kuwa spika hiyo haisomi NTFS, Kamati ililazimika kuahirisha mabadiliko hadi baada ya sherehe ya mabadiliko. Na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, Bi Zena aliifomati kwa haraka, ikawa safi, nyeupe, tayari kwa—

(Badru: Ameweka nyimbo ngapi?)

Moja tu, ya ufunguzi. Nyingine anaziingiza sasa hivi kutoka kwenye kompyuta yake, iliyounganishwa na spika hiyo hiyo.

(Badru: Zena, acha! Mama Vestina, wewe uko karibu, nenda kachomoe! Ikifomatiwa haraka vitu havijaondoka, vinaondoka vikiandikiwa juu! Kachomoe, mama, nitavitafuta dukani!)

Utaratibu, jamani. Mama Vestina, naomba urudi kwenye kiti. Bi Zena, usimpishe. Bi Zena!

(Bi Zena anampisha. Mama Vestina anachomoa diski. Muziki unakatika. Anaifunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili, na kutoka kwa mlango wa kuelekea stendi, Badru akimtangulia na wazee wa Kakonko wakimfuata mmoja mmoja na fimbo zao. Waliobaki wanapiga makofi, wengine wamepanda viti, na makofi hayo ni marefu kuliko yote ya siku hiyo.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Kwa kweli sikutarajia hotuba hii iwaguse kiasi hiki.