Ombi la Kumwandikisha Tata Kazadi Katika Daftari la Makumbusho

Kolwezi, tarehe 14 Juni 1993

Kwa Tata Mukalay,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhakiki Asili,
Kolwezi

Mheshimiwa Tata Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi mlinzi wa Nyumba ya Vitu vya Kale hapa Dilala, kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na tisa bila kuvunja hata kioo kimoja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa makumbusho yenyewe, ambayo yanaumwa. Naomba nieleze ugonjwa ulivyoanza.

Mwezi wa tatu kamati yako ilitutembelea na fomu. Tulikuwa wafanyakazi wawili: mimi, na Tata Kazadi, mwandishi wa daftari, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameandika kadi ya kila kitu kilichomo. Niliulizwa babu yangu alitoka wapi. Nikajibu Bukama, alikuja kwa mguu akifuata kazi ya mgodi. Nikawekewa alama nzuri. Kazadi akaulizwa vilevile. Akajibu Ngandajika, kule Kasai, alikuja kwa treni akifuata kazi ileile ya mgodi. Akawekewa msalaba. Nadhani kosa lilikuwa treni.

Kazadi alizaliwa Kapata, hapahapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Kasai hajawahi kuikanyaga hata kwa likizo. Alimwambia mjumbe wako, "Tata, mi nilizaliwa apa Kapata. Munasema nirudie. Nirudie wapi?" Mjumbe akamjibu, "Kwa nkambo yako," yaani kwa babu. Basi Kazadi akaisoma orodha ya wanaofukuzwa mkoani, akakuta wameandika Kasadi, akaomba kalamu, akasahihisha jina lake. Ndipo akatoa funguo za makumbusho. Alipofika nyumbani, mtu wa kuhamia alikuwa tayari mlangoni, godoro kichwani, akiuliza kama jiko linafanya kazi.

Tangu siku hiyo Kazadi, mke wake Mama Ernestine na watoto wao wanne wanalala kituo cha treni, chini ya bati la hangari ya mizigo, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mama Ernestine ni mwalimu. Kila asubuhi anaandika hesabu kwa chaki kwenye ubavu wa behewa bovu, na watoto wa hangari nzima wanajibu kwa pamoja.

Sasa malalamiko yangu, ambayo nimeyapa namba ili yasikuchoshe.

1. Kiti. Mwaka 1979 Kazadi aliazimisha makumbusho kiti cha babu yake, kile chenye miguu mitatu na mwanamke aliyechongwa akishika kikalio kwa mikono miwili. Kwenye kadi aliandika: "Asili: Kasai." Mwezi wa nne alinituma nikuombe arudishiwe aondoke nacho. Wewe mwenyewe, Tata Mwenyekiti, ulinijibu mbele ya mashahidi: "Batu baende, bitu bibakie. Bitu ni bya mukoa." Wiki iliyofuata nikakuta "Kasai" imekatwa kwa wino wa buluu na juu yake imeandikwa "Lualaba". Silalamikii wino. Nalalamika kwamba kiti kimepata uenyeji kwa mstari mmoja, bila kuulizwa babu yake, na mwenye kiti analala kwenye saruji. Kama kalamu hiyo bado ina wino, kituoni iko kazi nyingi ya kufanya.

2. Utaalamu. Badala ya Kazadi umetuletea shemeji yako, mtu mwema na mcheshi. Ila kofia ya chuma ya msimamizi Mbelgiji ameiandika "taji la chifu", na misalaba ya shaba, ambayo wazee wa hapa waliisubu kwa mikono yao na kuitumia kama pesa, ameirundika chini ya ngazi pamoja na mabomba. Nilipomweleza, alisema, "Byote ni chuma."

3. Darubini ya kupimia ardhi. Hii ililetwa na Wabelgiji, na ndiyo iliyopima nchi kabla hawajaanza kuichimba. Imesimama katikati ya chumba kwenye miguu yake mitatu. Hakuna mjumbe aliyeiuliza baba yake ni nani.

4. Nimefikiri sana, nikaona ufumbuzi uko katika kanuni za makumbusho zenyewe. Kifungu cha saba kinasema kila kitu kilichokaa humu zaidi ya miaka kumi bila kudaiwa na mtu kinakuwa urithi wa mkoa na hakiruhusiwi kusafirishwa. Kazadi amekaa miaka ishirini na miwili. Kasai hawajamdai. Kwa hiyo, Tata Mwenyekiti, ninaomba kwa unyenyekevu aandikishwe katika daftari, namba 418, na arudishwe makumbusho kama mali ya umma. Hatahitaji kabati. Meza yake ya zamani inatosha.

Ili kukupunguzia kazi nilikwenda kituoni Ijumaa na kadi tupu na futi ya fundi cherehani. Nilimpima mbele ya watu. Urefu: mita moja na sabini na moja. Alama: kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Hali: nzuri, ila amekonda. Watu wa hangari walicheka mpaka askari wakaja kutazama. Mama Ernestine pia alicheka, akasema, "Stany, andika tena: anakoroma." Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimemsikia akicheka. Kazadi mwenyewe alinirekebisha mahali pawili, maana mwandiko wangu unapanda mlima.

Nilipofika kwenye "Asili" nikauliza niandike nini. Akatazama reli. Kisha akasema, "Acha iyo fasi bure kwanza." Nimeiacha wazi. Mistari mingine yote imejaa.

5. Kanuni hizohizo zinakataza kutenganisha vipande vya seti moja. Kwa hiyo mke na watoto wanne waandikishwe 418 A mpaka E. Mwenye godoro atafutiwe nyumba nyingine. Yeye hana namba.

Nikitumaini utalitazama jambo hili kwa jicho la mtu anayependa urithi wa mkoa wake, ninakushukuru mapema. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, msalimie Mama, na umwambie shemeji kwamba misalaba nimekwisha kuitoa chini ya ngazi.

Wako mtiifu,
Nkulu Stany,
mlinzi

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi treni ilipoingia leo saa nne asubuhi. Kazadi na watu wake wote wamepata nafasi, kwa hiyo namba 4 na 5 naomba uzifute. Namba 1 nayo ifute. Niliposikia honi nilikichukua kiti nikakimbia nacho kituoni juu ya pikipiki ya jirani. Vijana wa kamati yako walinisimamisha getini. "Ni nini iyo?" Nikasema kiti. "Ya wapi?" Nikasema ukweli: ya Kasai. Wakapiga kelele wote pamoja, "Basi na yenyewe iende!" Wakanisaidia kukipandisha kwenye behewa. Kazadi alikipokea kwa mikono miwili, na treni ikaondoka.

Ili rafu isibaki tupu nimeweka kiti cha jikoni cha mke wangu, Mwadi, nilichomnunulia sokoni mwaka jana. Jioni hii shemeji yako amewaonyesha wageni wawili, akawaambia kimekaliwa na machifu saba wa Lualaba, na mgeni mmoja amevua kofia. Mwadi anaomba, machifu wakimaliza, arudishiwe. Kwa sasa anasonga bukari amesimama.