Magunia Tisa Mguuni pa Kitanda

Jumapili, 3 Novemba 1968
Wiki tatu za ndoa. Isihaka wangu! Hata anavyofunga kamba za viatu napenda kumtazama. Chumba chetu hapa Tumbi kingekuwa pepo ndogo, kama si magunia tisa ya korosho. Ni ya bibi yake, Bibi Mwanamvua, aliyekuja nayo kutoka Maneromango kabla mvua hazijaharibu barabara. Ameyapanga mguuni pa kitanda chetu. Anaingia kuyakagua bila hodi. Nikinuna, ananiita mke mwenzake, anasema mume ni wetu sote. Najua ni utani wa bibi na mjukuu. Lakini jana aliingia mara sita!

Jumatatu, 4 Novemba
Mwalimu Didas, rafiki wa Isihaka anayefundisha jiografia, alikuja kunywa chai. Nimeduwaa. Anasema kule Ufini, kwao walimu wenzake wageni, zamani barafu yenye unene wa maili nzima na zaidi iliikalia nchi. Uzito ukaididimiza ardhi. Barafu ikayeyuka, na hadi leo, maelfu ya miaka baadaye, ardhi bado inapanda. Karibu nusu inchi kwa mwaka mahali pengine! Viwanja vipya vinatoka baharini! Akaongeza kwamba nchi za kando, zilizobenuka wakati ule, sasa zinazama. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa nayatazama magunia.

Jumanne, 5 Novemba
Baada ya shikamoo nilimweleza Bibi kwa heshima zote. Kwamba korosho zake zinaididimiza Tumbi. Kwamba asipozihamishia jikoni, chumba kitazama na mume wetu ndani. Akauliza kama barafu ni ile ya kwenye soda. Nikasema ndiyo, ila kubwa. Akanitazama sana.
"Mke mwenzangu, hiyo shule ilikula minazi mingapi ya baba yako?"
Lakini akainama, akapapasa sakafu yetu ya udongo kando ya magunia. Kuna bonde kweli! Hata mimi nilishtuka. Kufika alasiri, magunia yote jikoni. Isihaka aliporudi alisema chumba kimekuwa uwanja, akanishika mkono. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 8 Novemba
Siamini macho yangu. Ardhi imepanda! Palipokuwa na magunia pana kinundu chekundu, inchi mbili kamili. Ufini nusu inchi kwa mwaka, sisi inchi mbili kwa siku tatu! Nimepigilia msumari ukutani kuweka alama. Isihaka alileta jembe akisawazishe. Nimemkataza, nimemwambia hiki ni cha taifa. Bibi alikuja kutazama, na kwa mara ya kwanza alipiga hodi.

Jumapili, 10 Novemba
Inchi tano. Nikaalika majirani. Nikamwita Mwalimu Didas aje na rula. Alichutama, akakitoboa kinundu kwa penseli. Wakatoka mchwa.
Mchwa!
Kumbe bonde walilichimba wao, na magunia ndiyo yaliyowazuia kujenga. Didas alicheka mpaka akakaa chini. Wamekula mguu mmoja wa kitanda, sanduku, na kanga yangu ya harusi, upande wa jina. Nimelia mbele ya watu. Bibi hakunikaripia. Alimwaga mafuta ya taa na majivu, akaegemeza kitanda kwa matofali, akamwamuru Isihaka ayapange magunia yote juu yake, mbali na mchwa. Godoro letu likatolewa ukumbini.
"Maharusi watalala huku," akasema. "Mimi nitalala na korosho zangu."
Akafunga mlango. Mlango wangu!

Jumatatu, 11 Novemba
Tupo ukumbini. Isihaka anasema popote nilipo mimi ndipo chumbani kwake. Niliyeyuka. Kisha, wakati wa chai, nikapigwa na bumbuwazi: kikombe changu kiliteleza chenyewe kuelekea ukutani! Ukumbi umeinama! Nikakumbuka maneno ya Didas kuhusu nchi za kando. Chumba kimepanda, ukumbi unazama. Ni jiografia tupu, na safari hii hakuna mchwa hata mmoja, nimekagua. Dawa ni kuondoa uzito nyumbani mara moja, kwanza magunia, kisha Bibi mwenyewe, mpaka Maneromango.
Bibi yuko jikoni anasonga ugali. Nimechukua msumari na uzi, nimpimie ukumbi aone ulivyoinama. Naenda kumpa shikamoo.