Vipande Vyangu Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na shemeji, mke wa kaka yangu, ambaye meza yake imegusana na yangu. Atakayewasilisha kazi bora Ijumaa ndiye atakayeichukua. Profesa ametupa tensa ileile: jedwali la namba themanini na moja zinazoeleza chuma fulani kinavyonyumbuka. Tuivunje kwa programu ya aljebra mpaka vibaki vipande visivyovunjika tena. Shemeji amemaliza kabla ya chai. Vipande vitano! Profesa akamwita hazina ya idara. Mimi hajawahi kuniita hata kwa jina. Nina wivu, nakiri.

Jumanne, 5 Machi
Mama kapiga simu. Eti nimeshampongeza mkwe wake? Nikasema bado, nina mafua. Programu yangu tangu asubuhi inaniandikia kosa, kosa, kosa.

Jumatano, 6 Machi
Bahati! Shemeji kasahau karatasi kwenye printa. Amri zake zote! Nimezinakili. Ila mimi si mjinga: nikiziacha zilivyo, nitaonekana mwizi. Nikafuta mistari mitatu ya mwanzo, ambayo hata hivyo sikuielewa. Nikabonyeza. Vipande kumi na tisa! Yeye vitano, mimi kumi na tisa! Nikamrudishia karatasi yake. Akashukuru, akauliza kama nimekula. Mnafiki mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilimwambia mama habari za vipande vyangu kumi na tisa, mama akamwambia kaka, kaka akamwambia mkewe. Mkewe akaja mezani kwangu, akauliza polepole kama programu nimeiambia habari za ulinganifu, yaani kwamba namba nyingi za jedwali zinajirudia na zilizo huru ni ishirini na moja tu. Nikamjibu asijisumbue. Anaogopa! Nimelala usingizi mnono.

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Shemeji alionyesha vipande vyake, akavijumlisha, tensa ikarudi nzima. Makofi. Nikapanda mimi. Nikasema kuna watu huacha kazi njiani. Profesa akavua miwani, akaniuliza nilianza na namba huru ngapi. Themanini na moja, nikatangaza, kifua mbele. Akasema basi vipande kumi na vinne kati ya vyangu ama ni sifuri ama ni marudio. Mstari wa ulinganifu uko wapi? Nikasema niliufuta, pamoja na mingine miwili ya mwanzo. Walicheka wote, hadi fundi wa projekta. Shemeji peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumatatu, 11 Machi
Nafasi kapewa yeye. Kaniombea nibaki idarani niwe msaidizi wake. Mama analia kwa furaha. Nimekubali, roho inaniuma kama jino. Lakini sasa nimegundua kosa langu: tensa ilikuwa ndogo mno. Leo nimeanza nyingine, ya namba mia saba ishirini na tisa. Vipande mia moja arobaini na kimoja! Mstari wa ulinganifu sijauweka. Unapunguza.