Tingatinga la Kuonja

Kiogora wa Makutano hakupenda kufanya kazi siku ambayo angeweza kufanya mpango. Lakini Jumatano hiyo alikuwa sokoni Kiritiri kama raia mwema kabisa, na pesa halali mfukoni, akitafuta mbuzi wa mahari. Pesa halali zilikuwa zinamwasha paja. Hakuwa amezizoea.

Mahari ilikuwa ya Nkirote, mwalimu wa nasari kule Meru. Kiogora alikuwa ameahirisha kwenda kwa wazee mara mbili, mara ya kwanza kwa kisingizio cha malaria, mara ya pili kwa kumzika mjomba ambaye hadi leo yuko hai na anauza ndizi. Nkirote naye alichoka. "Jumamosi hii usipoonekana na mbuzi," alimwambia, "hata namba yangu futa." Na Kiogora alimpenda, jamani. Tumseme kwa mengine yote, lakini hilo tusimnyime. Alimpenda mpaka akaweka akiba.

Basi alikuwa amemshika beberu mmoja pembe, akijifanya anajua anachotazama, aliposikia sauti ya mwanamke ikinguruma kwenye simu, soko zima likisikia.

"Eeh, Nthiga mwanangu! Pesa ya kutoka huko ng'ambo imefika! Hapana, mpya ni ghali, mimi natafuta iliyotumika! Tingatinga! Ile ya ndoo mbele na mkono nyuma! Nisafishe shamba hapa nyumbani kabla mvua inyeshe! Mtu akiniletea hata kesho, nusu namlipa hapo hapo!"

Kiogora akamwachilia beberu. Mwenye sauti alikuwa ndiye mwenye mbuzi wenyewe, mama wa makamo, kitambaa kichwani, kiondo kikubwa begani. Watu walimwita Mama Marcella. Kiogora akamkagua kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye viatu vya plastiki, na moyo wake ukaanza kuimba. Mtoto ng'ambo, pesa imefika, na mama haelewi mambo ya mashine. Mungu akupe nini tena?

"Shikamoo mama."

"Marahaba, kijana yangu. Umempenda huyo beberu?"

"Beberu ni mzuri, lakini Mungu ana njia zake. Sikuwa nasikiliza simu yako, ila nimesikia. Kuna kontrakta rafiki yangu, amemaliza barabara, anarudi kwao. Ana tingatinga. Imetumika, ndio, lakini imetumika kwa adabu. Dereva mmoja tu, tena ameokoka."

Mama Marcella akafunga mikono kifuani. "Ati ameokoka?"

"Kabisa. Hata gia anaingiza kwa upole."

"Aki wewe." Mama akacheka, meno yote nje. "Sasa sikiliza. Sisi huku Mbeere hatununui kitu bila kuonja. Asali tunaonja, uji tunaonja, hata majani ya muguka tunaonja. Utaniletea hiyo mashine shambani nionje?"

"Onja, mama!" Kiogora akafungua mikono kama mhubiri. "Kuonja ni bure!"

Neno hilo tuliweke pembeni. Tutarudi kulichukua.

Kontrakta hakuwepo, bila shaka. Lililokuwepo ni tingatinga la Abdilatif, mfanyabiashara wa Runyenjes ambaye hulikodisha kwa siku na hulipwa kabla ya ufunguo kuguswa. Mpango wa Kiogora ulikuwa mwepesi. Angelikodi kwa siku moja, alipeleke kwa mama, ling'oe kisiki kimoja, watu wapige makofi, achukue nusu ya bei, na kabla ya jioni tingatinga lirudi kwa mwenyewe na laini ya simu itupwe mtoni. Mama angebaki akisubiri mashine irudi "kubadilishwa oili." Kiogora angeenda kwa wakwe na ng'ombe, achana na mbuzi. Alifikiria kumshirikisha Mutwiri, mjanja mwenzake wa Chuka, halafu akakumbuka kwamba Mutwiri ndiye aliyemuuzia televisheni yenye tofali ndani. Akaamua kula peke yake.

Hitilafu ilikuwa moja tu: kukodi kulitaka pesa, na pesa ni zile za mbuzi. Kiogora alizitazama, akamwomba Nkirote msamaha moyoni, na alfajiri ya Alhamisi akamhesabia Abdilatif. Abdilatif alizipokea, akauliza, "Unalipeleka wapi?"

"Kiritiri."

"Aah, Kiritiri," akasema Abdilatif, na akatabasamu kwenye ndevu. "Basi safari njema, inshallah."

Alipewa pia dereva, Mithika, mtu mrefu mwenye sura ya kusinzia. Kiogora akamvuta kando. "Skiza, Mithika. Mimi ndio bosi leo. Huko tunakoenda usiseme neno. Ukiulizwa kitu, nyamaza. Ukisalimiwa, tikisa kichwa. Sawa?"

Mithika akafungua mdomo.

"Hata hilo usiseme," Kiogora akamwambia.

Mithika akatikisa kichwa.

Kiogora alitangulia na gari lake la Probox, akitazama kioo mara kwa mara. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba walipofika Kiritiri, Kiogora alikosea njia, lakini Mithika nyuma yake hakukosea. Alikata kona kwenye mgunga uliotundikwa matairi, akapita posho mill ya kusagia mahindi, na Kiogora alipogeuza gari akamkuta tayari langoni kwa mama. Kiogora akajipongeza kwa kupata dereva mwenye akili.

Boma lilikuwa safi. Kulikuwa na bwawa jipya la maji, kingo zake zimekatwa vizuri, na choo kipya cha shimo refu ambacho mama alimwonyesha kwa fahari. Huyu mama ana pesa, Kiogora akawaza, mate yakimjaa mdomoni. Ng'ambo ya bwawa ndipo shamba lenyewe lilipoanza, vichaka vya miiba, visiki na mawe hadi kwenye korongo.

Walikuwa wamekuja watu kama wa harusi. Mzee Hezekiah, shemeji wa mama na mzee wa kanisa, alisema mashine haiwashwi bila maombi. Akaweka mkono kwenye tairi, akaomba kirefu. "Na huyu kijana, Baba, aliyeacha shughuli zake kuja kutusaidia, umlipe sawasawa na alivyokusudia moyoni mwake."

"Amina!" akasema Kiogora, kwa sauti ya kuwashinda wote.

Mithika akang'oa kisiki. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na Mama Marcella akaingiza mkono ndani ya kiondo. Kiogora akaona jinsi kilivyovimba. Akanyoosha vidole.

"Ngoja," mama akasema, mkono bado ndani. "Kisiki kimoja hata ng'ombe wanang'oa. Wacha ionje hivyo vichaka."

"Onja, mama, onja."

Vikaonjwa. Mkono ukaingia tena kiondoni.

"Na haya mawe? Isije ikawa inaogopa mawe."

Mawe yakaonjwa. Halafu mteremko, kuona kama inapanda. Halafu mpaka wa juu, kuona kama inakata kona. Kila mara mkono wa mama uliingia kiondoni na kila mara moyo wa Kiogora uliingia nao, halafu mama akakumbuka kitu kingine. Shemeji Hezekiah naye akasema yeye ndiye mshauri wa mama kwenye mambo ya pesa, na hawezi kushauri bila kuionja upande wake wa ua. Ikavuka ua.

Saa ya chakula Mithika alishuka, akamsogelea Kiogora. "Bosi, huyu mama..."

"Nimekwambia nini?"

"Lakini bosi..."

"Nyamaza, bana! Unataka kuniharibia?"

Mithika akainua mabega, akaenda kula githeri.

Jua lilipoanza kuinama, shamba lilikuwa jekundu na laini toka bwawani hadi korongoni, visiki vimepangwa pembeni tayari kuchomwa makaa. Mama Marcella akatembea katikati yake, viatu mkononi, akaingiza mkono kiondoni kwa mara ya mwisho. Safari hii mkono ukatoka. Kiogora akasogea.

Ulikuwa umejaa mbegu za ndengu.

Mama akazirusha mchangani, akazifukia kwa kidole cha mguu. Nyuma yake wale akina mama wa vigelegele wakashika majembe, wakaanza kupanda.

"Mama," Kiogora akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Na ile nusu?"

"Kijana yangu, tumeonja." Mama akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Haitufai. Inanguruma sana. Mbuzi wangu wana mimba."

"Imenguruma tangu asubuhi!"

"Ndio nikaisikia vizuri."

"Wacha mchezo! Hii ni wizi! Twende polisi sasa hivi!"

"Twende," mama akasema, akaanza kuvaa viatu. "Hezekiah, niletee shuka. Utawaambia hiyo mashine ni ya nani, ama nitawaambia mimi?"

Kiogora, ambaye aliwahi kumuuzia mtu kiwanja ndani ya mto, alimtazama mama akivaa kiatu cha pili. Akamgeukia dereva.

"Mithika. Wewe unamjua huyu mama?"

Mithika akatazama angani.

"Ongea! Nimekuruhusu!"

"Hilo bwawa nililichimba mimi, bosi," Mithika akasema. "Kuna kijana wa Embu alikuwa anaiuza hii mashine. Na choo, hicho nilichimba nikiletwa na mwingine, wa Kerugoya. Huyo alilia."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema hata nikisalimiwa nitikise kichwa."

"Msalimie Abdilatif," mama akamwambia Mithika. "Mwambie mbuzi wake wa Idd nimeshamtenga."

Kiogora alikaa juu ya kisiki. Hasira ilimpanda, ikamshuka, na ilipomshuka ikamwacha na Nkirote peke yake. Alimwona amevaa kitenge kipya Jumamosi, akichungulia barabara na shangazi zake nyuma yake. Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wake: *Umepata mbuzi?* Macho yakamwuma, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Ni nini tena?" Mama Marcella akauliza. Kiogora akamweleza. Alieleza bila kupamba, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, alieleza vibaya, akirudiarudia.

Mama alisikiliza akipangusa ndengu vidoleni. "Jana sokoni ulimshika beberu wangu. Bado unamtaka?"

Kiogora akainua kichwa. Mazoea ni kitu kibaya. "Mama, si ningeenda naye tu Jumamosi, yeye na wenzake, nione kama wakwe watampenda? Nikiona hanifai namrudisha. Kama kumwonja hivi."

Mama Marcella alicheka mpaka akashika kiuno. Shemeji Hezekiah alicheka. Mithika naye akacheka, kwa kuwa sasa aliruhusiwa.

"Mbuzi haonjwi, kijana yangu," mama akasema, akijifuta machozi. "Mbuzi hulipiwa. Lakini wewe una mdomo mzuri, na hapa nina shida moja. Ndengu inataka mvua, na mvua ya huku unaijua, ni ya kubahatisha. Nataka kisima. Humjui mtu mwenye mashine ya kuchimba kisima? Iliyotumika? Akifika nayo hapa, Jumamosi unaondoka na mbuzi wote wa mahari. Hiyo Probox itabaki kwangu mpaka aje."

Kiogora akaangalia bwawa. Akaangalia choo. Akaangalia shamba alilosafisha kwa mahari yake mwenyewe. Halafu akakumbuka televisheni, na uzito wa lile tofali alipolitoa kwa mikono miwili mbele ya Nkirote.

Akatoa simu.

"Mutwiri! Ndugu yangu wa damu! Uko Chuka? Skiza, nimekutana na mama mmoja huku Kiritiri. Mtoto ako ng'ambo, pesa imefika, na hajui kitu, haki ya Mungu. Anatafuta mashine ya kuchimba kisima, ile imetumika. Nusu analipa hapo hapo... Kukodi ya siku moja tu, eeh! Lazima ifike kabla ya Jumamosi... Mimi? Mimi sitaki hata shilingi. Nimekukumbuka tu."

Mama Marcella alikuwa amesimama karibu, akinyoosha kidole kwenye kundi, akimchagulia beberu.

"Ila kuna kitu kimoja," Kiogora akasema. "Huyu mama anapenda kuonja kwanza."

Upande wa pili Mutwiri alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Aonje tu, bro. Kuonja ni bure."