Ndege Yangu Ilivyomteremsha Mgema Mnazini

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, mbele ya Changamwe nzima, na mbele ya Mzungu.

Nyinyi mliokuwa zamu bandarini hamkuona, ndiyo maana nawaeleza mimi mwenyewe kabla Hamisi hajafika. Akifika atawaeleza yake, na yake ni uongo mtupu. Huyo Hamisi! Nitamfikia.

Ndege yangu mnaijua. Mlipita hapa uani mkaniona nachonga mianzi, mkaniuliza kama nasuka tenga la kuku. (Wewe, Omari, ndiwe uliyeuliza. Sijasahau.) Haikuwa tenga. Ilikuwa ndege ya mabawa ya ghorofa, bawa juu na bawa chini, mbavu zake mianzi iliyochongwa nyembamba kama sindano za kufumia, ngozi yake hariri ya parachuti kuukuu niliyorudi nayo vitani, magurudumu yake vizibo vya chupa. Ilikuwa nyepesi, ukipiga chafya karibu nayo inasogea mezani. Na tumboni mwake nikatia redio.

Redio, si mchezo! Vitani mimi nilikuwa mpeleka habari. Nimebeba redio mgongoni katika matope ya Burma, imeingia maji nikaikausha, imekufa nikaifufua, maofisa wakaniambia Saidi, wewe ni fundi. Nimerudi kwetu, kazi niliyopewa ni kuvingirisha mapipa ya mafuta. Mapipa! Mtu aliyeongea na vikosi vilivyo ng'ambo ya mlima leo anaongea na pipa.

Kule Port Reitz, kwenye kiwanja cha ndege, kuna karakana ya redio. Msimamizi wake ni Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, haoni haya kukwambia hapana. Nimekwenda mlangoni pake hata mbwa wake akanizoea. Mara ya mwisho nikamwambia, "Bwana, nitatengeneza ndege ndogo, nami nitasimama chini niiongoze kwa redio, bila uzi." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Jumapili mimi nakuja Changamwe kuona mpira. Lete ndege. Kama inasikia wewe, mimi nakupa kazi."

Mmesikia? Kazi. Ya redio. Basi ndiyo habari iliyokuwa juu ya mabawa yale.

Ikabaki injini. Baharia mmoja wa meli ya mizigo aliniletea mbili nichague. Ya kwanza ilikuwa ya dizeli, ndogo kama yai la bata. Haina plagi, haina koili, haina betri. Unalipiga panga lake la mbele kwa kidole, inawaka. Ya pili ilikuwa ya petroli, na plagi yake, na koili yake, na betri yake, mzigo mtupu. Mimi nikaishika ile ndogo. Nilikwisha kuishika, wallahi, mkononi!

Ndipo akaingia Hamisi. Jirani yangu, fundi wa malori, tumetahiriwa pamoja. Akaiwasha ile ndogo, akainamisha kichwa, akasikiliza, akakunja uso kama aliyepewa chai bila sukari.

"Inalia kama mbu."

"Ni nyepesi, Hamisi. Kwenye ndege uzito ndio kila kitu."

"Hata unyoya ni mwepesi. Utamwita Mzungu atoke Port Reitz aje asikilize mbu?" Akaiwasha ile ya petroli. Ikanguruma, kuku wakahama ua. Hamisi akatabasamu. "Hii ndiyo injini. Hii hata akiwa ameziba masikio atajua Saidi yupo."

Nikakubali. Mimi, fundi wa redio, nikamsikiliza mtu wa malori katika mambo ya hewani! Ili ndege ichukue uzito ule nikaanza kuinyang'anya vitu vingine. Nikachonga mianzi tena. Nikatoa kiti cha rubani. Nikamtoa na rubani mwenyewe, kijimtu nilichokichonga kwa mapenzi yangu, na kofia yake.

Tena nilijaribu kila kitu. Niliiwasha redio injini ikiwa imezimwa, nikasimama upande wa pili wa nyumba na kile kisanduku changu cha kupelekea amri. Nikibonyeza mara moja, mkia unapinda kulia. Mara mbili, kushoto. Nikiachilia, unanyooka. Utiifu mtupu! Halafu nikaiwasha injini redio ikiwa imezimwa. Ikanguruma vizuri. Vyote viwili pamoja sikujaribu. (Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe tangu alasiri.)

Leo basi. Uwanja umejaa, watu wa reli wanacheza na watu wa bandari, lakini hakuna aliyetazama mpira, maana Hamisi alikwisha kutangaza kila pembe. Bwana, yule Mzungu wa karakana, amewekewa kiti. Mimi nimevaa shati langu la jeshi, limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Na kwa kuwa akili ilikuwa imenitoka, nikatoa hotuba.

"Mabibi na mabwana! Ndege hii haina rubani. Rubani wake ni mimi. Nikiiambia kulia, ni kulia. Nikiiambia kushoto, ni kushoto. Itauzunguka uwanja, kisha itarudi itue miguuni pa Bwana."

(Miguuni pa Bwana! Nani aliniuliza itatua wapi?)

Hamisi akaishika, mimi nikalipiga panga, ikanguruma, akaiachia. Na ikapaa, jamani. Nisiseme uongo, ikapaa! Ilipanda taratibu, hariri inameta juani, watu wakasema "Aaaa!" kwa pamoja, na Bwana akasimama kitini. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilikuwa mfanyakazi wa karakana ya redio.

"Sasa inakwenda kushoto!" nikasema, nikabonyeza mara mbili.

Ikaenda kulia.

Nikabonyeza tena. Kulia. Nikaachilia inyooke. Kulia. Nikaona heri nikubaliane nayo, nikapaza sauti, "Sasa kulia!" Ikaenda kulia, watu wakapiga makofi. Lakini huwezi kumwambia Mzungu kulia, kulia, kulia, mpaka magharibi. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga akaita, "Saidi mwanangu, wewe waiendesha au yakuendesha?"

Nikaelewa pale pale. Cheche! Ile plagi ya injini ilikuwa inapiga cheche, na cheche ni mawimbi, na redio yangu ilikuwa inazisikia zile cheche badala ya kunisikia mimi. Kila cheche redio ikidhani ni amri ya kulia. Injini ya dizeli haina plagi. Haina cheche. Ingekaa kimya kama mbu mwenye adabu, nami ningesikilizwa. Nikageuka nimtafute Hamisi, nimwambie walau kwa macho. Nikamkuta amesimama karibu na kiti cha Bwana, mkono kiunoni, anawaeleza watu:

"Nilimwambia achukue ile ndogo. Hasikii!"

Wallahi, alisema hivyo. Kwa kinywa kile kile!

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu upepo ulikuwa unaisukuma ndege, duara kwa duara, kuelekea minazi iliyo nyuma ya goli. Na juu ya mnazi mmoja alikuwa Mzee Kalume, mgema. Yeye na mpira wapi na wapi. Amepanda kugema tembo lake la jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, mkononi, kibuyu kiunoni, ametupa mgongo. Akasikia mngurumo. Akageuka. Akaiona inamjia usoni.

Ikampita sikioni. Akashukuru Mungu. Ikazunguka ikarudi.

"Mnaniulia nini?" akapiga kelele. "Nimefanya nini mimi?"

Nikakimbia na kisanduku changu mpaka chini ya mnazi. Na mimi nimelelewa vizuri, mtu mzima simkuti hivi hivi. "Shikamoo, mzee!"

"Shikamoo ya nini? Liite jidudu lako!"

"Halisikii, mzee!"

"Halisikii, na umelifuga?"

Ikamjia mara ya tatu. Akalirushia kotama, akalikosa. Akainama, kibuyu kikapinduka, tembo lote likammwagikia kutoka kichwani hadi miguuni. Akateremka mnazi ule kwa kasi ambayo sijapata kuona, akafika chini amelowa na ananuka, nayo ndege, kama iliyokuwa inangoja mahali pawe wazi, ikajichomeka katikati ya makuti. Injini ikakohoa. Ikanyamaza.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngekwenda nyumbani. Mimi nikatazama nyuma, nikaona uwanja mzima unakuja, wachezaji na mwamuzi wao na mama wa mihogo, na Bwana mbele yao na miguu yake mirefu. Redio yangu iko juu. Nikamwomba Mzee Kalume anipandie. Akakamua shati lake, akasema, "Mimi na lile hatuonani tena."

Basi nikavua viatu, nikapanda mwenyewe.

Minazi ya wagema imechanjwa vidato shinani, na kupanda kwenyewe si kazi. Nilipanda vizuri. Nilipokaribia makuti nikanyoosha mkono, nikaligusa bawa, nikaona niwapungie. Nikatazama chini.

Sikurudia kutazama. Nilifumba macho, nikaukumbatia mnazi kwa mikono na miguu na shavu. Nimevuka mito ya Burma chini ya risasi, lakini Burma hakuna aliyenipandisha mnazi! Wakaanza kunipa maagizo. "Teremsha mguu wa kulia!" "Wa kushoto!" Kisha nikaisikia sauti ya Hamisi, ndiyo, ya Hamisi, ikisema, "Yeye naye anakwenda kulia tu!" Kicheko kilichofuata kilitikisa mnazi.

Mwishowe aliyenionea huruma ni yule yule niliyemmwagia tembo lake. Alipanda. Nikasikia harufu yake kabla ya sauti.

"Shikamoo, mzee," nikasema, macho yamefumba.

"Marahaba. Nikumbatie shingoni. Usinikabe. Usitazame."

Akapitisha kamba kiunoni mwangu na kiunoni mwake, akanibeba mgongoni kama mtoto anayepelekwa kliniki, na ndege yangu ameishika kwa meno kwenye ncha ya bawa. Kwa meno! Tukateremka polepole, na kwa kila kidato watu wakapiga kofi moja. Shati langu la jeshi likachanika mgongoni. Shati lililotoka zima Burma.

Bwana akasogea. Nikajifuta makuti, nikasimama wima, nikapiga saluti. Nikasema, "Bwana, redio ni nzima. Makosa ni ya injini. Nikibadilisha injini..."

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mzee Kalume, kisha juu ya mnazi, kisha Mzee Kalume.

"Ile mtu," akaniuliza, "jina yake nani?"

Nikamtajia.

"Mwambie, mimi iko na mlingoti ya redio Port Reitz. Mrefu sana. Waya ya juu nakatika, na watu yangu yote naogopa. Yeye kuja kesho, nafanya kazi ya redio."

Kazi ya redio! Na aliyeagizwa kumfasiria nani? Mimi! Nikafasiri neno kwa neno. Mzee Kalume akasikiliza, akafikiri, akaniambia, "Muulize, huo mlingoti unatoa tembo?"

Nikamuuliza Bwana. Mara hii alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Akasema hautoi, lakini mshahara unatoa. Mzee akakubali, kwa sharti aachiwe mapema kila jioni akaione minazi yake, na awepo mtu wa kumshikia kamba chini.

Bwana akanigeukia. "Wewe. Unaweza kushika kamba?"

Sasa nyinyi semeni, ningejibuje? Mimi fundi. Mimi wa Burma. Nikamtazama Hamisi, naye, bila haya, akatikisa kichwa kunishauri nikatae.

Nikakubali palepale. Ushauri wa Hamisi nimeshaufuata mara moja maishani.

Basi kesho asubuhi nakwenda Port Reitz, kazi ya redio, chini ya mlingoti, nikimtazama mgema juu akifunga waya nilizozijua kabla yeye hajasikia habari zake. Habari ndiyo hiyo, mmeipata kwa mwenyewe. Anayetaka kucheka aende akacheke barabarani, na angoje kwanza nifunge mlango.