Kila Mkija Kukagua, Vitu Vyangu Ndivyo Vinavyohama

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Ustawi wa Watoto,

YAH: UCHOVU UNAONIPATA KUTOKANA NA UKAGUZI WA NYUMBA YA KAKA YANGU

Natumaini u mzima, na kwamba ofisi yako yote inaendelea vyema na kazi ya kutuangalizia watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, na huo mgongo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi cherehani. Ninaishi chumba kimoja na binti yangu wa miaka tisa, ambaye mtaa mzima unamwita Kibonge, na ukimwona hutauliza kwa nini. Ukuta wangu ndio ukuta wa nyumba ya kaka yangu. Kaka ana vyumba vinne, kwa hiyo mdogo wetu wa mwisho alipopata kazi nchi ya mbali, ukoo ulikaa, ukanywa chai, ukaamua bintiye abaki kwa mjomba wake penye nafasi. Mtoto huyo naye ana miaka tisa. Wanamwita Sisimizi kwa sababu ya ndoo anazobeba. Nafasi aliyopewa ni ya stoo, katikati ya magunia ya mkaa.

Mwaka huu kuna mtu amewapigia simu mara nne kuhusu Sisimizi. Kila akipiga, ofisi yako hufanya jambo la kiungwana kabisa: humwandikia kaka barua siku saba kabla, kumjulisha siku na saa ya ukaguzi, na kuambatanisha orodha ya mambo yatakayoangaliwa. Barua nzuri, ina mhuri. Kwetu hakuna mgeni anayekuja kwa adabu hiyo, hata ndugu wa damu hutokea tu na mabegi. Shida ni kwamba orodha inasomwa kwa kaka lakini inatekelezwa kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Orodha yenu inaanza na "mahali pa kulala mtoto". Barua ya kwanza ilipofika, wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kwangu anatabasamu, na wifi yangu akitabasamu ujue kuna kitu kinatoka ndani ya nyumba yako. Kilitoka godoro. Nililibeba mwenyewe, kwa sababu yeye ana kiuno kibovu siku za kazi. Likawekwa chumba cha wageni, likatandikwa shuka langu la maua, Sisimizi akakalishwa juu yake dakika ishirini. Afisa wenu alipoondoka, hata vumbi la pikipiki yake halijatulia, godoro lilikuwa limerudi kwangu. Afadhali basi lingelala huko siku moja, nisingeona nimebebeshwa bure.

2. "Mavazi na viatu." Viatu vikawa vya Kibonge. Mguu wa Sisimizi ni mwembamba, kwa hiyo tulivishindilia vitambaa, mabaki ya suruali ya mteja. Mtoto akawa anaburuta miguu ili visimvuke. Afisa akaandika, na mimi nilimsikia kupitia dirisha lao akisoma kwa sauti: "Mtoto ana viatu vizuri na anatembea kwa maringo." Kibonge siku hiyo alienda shule na ndara, akarudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Nauliza kwa heshima, mtoto wangu naye anatetewa na ofisi gani?

3. "Chakula." Hili liliniuma zaidi ya yote, nasema wazi. Ukaguzi wa pili, sufuria langu la mchuzi liliondolewa jikoni kwangu likiwa linachemka, likahamia upande wa pili wa ukuta, kwa wifi. Afisa akaonja. Akaongeza. Akamsifu wifi kwamba ana mkono wa jikoni, akamwomba amweleze amepikaje. Jamani! Wifi akaja dirishani kwangu kuniuliza, ananong'ona, kisha akarudi kujibu. Ninapika miaka yote hii hakuna aliyenisifu, na siku sifa zilipokuja zimekwenda kwa mtu asiyejua kitunguu kinaanza au kinafuata. Sisimizi siku hiyo alikula sahani tatu, akaniuliza baadaye kwa nini maafisa hawaji kila siku. Nikamwambia ninyi ni watu wenye kazi nyingi.

4. Mahojiano. Fomu yenu inataka mtoto aulizwe kama anatendewa vyema. Aliulizwa, akiwa amekaa katikati ya mjomba wake na mke wa mjomba wake kwenye kochi moja, mkono wa mjomba ukiwa begani. Alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Afisa akaandika "mtoto msikivu". Mimi silalamikii jibu. Nalalamika kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha na sindano mdomoni, na nilipolisikia jibu lile karibu niimeze. Kwa fundi, hiyo ni ajali kazini.

5. Sasa nije kwenye ukaguzi wa tatu, ambao uliletewa afisa mpya, kijana wa heshima, kwa kuwa wa kwanza alikuwa amehamishwa. Safari hiyo Sisimizi alikuwa na mkono uliovimba kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Wifi alisema ameanguka. Tulijaribu blauzi ya mikono mirefu, haikupita. Orodha yenu inasema "afya ya mtoto ionekane", na wifi ni mtu wa kufuata orodha. Akatabasamu. Ndugu Mkuu, safari hiyo aliazima mtoto.

Kibonge alipelekwa kwa mjomba wake, akakalia godoro lake mwenyewe, akavaa viatu vyake mwenyewe, akapimwa uzito. Afisa akalinganisha na vipimo vya mwezi uliopita, akakuta mtoto ameongezeka kilo kumi na moja. Hakushangaa hata kidogo! Alimpa kaka mkono. Kibonge, ambaye hajui kuficha kitu, alimwambia, "Mimi siye, mimi nakaa nyumba ya pili na mama." Afisa akacheka, akaandika "mtoto mchangamfu, anapenda utani". Kisha akampiga picha. Nasikia picha hiyo imebandikwa ukutani ofisini kwako, chini yake pameandikwa kwamba huyu ni mfano wa malezi bora. Asante. Malezi hayo ni yangu.

Muda huo wote Sisimizi alikuwa kwangu, chini ya meza ya kushonea, amejifunika kitambaa cha mapazia ya mteja. Nilimkanda mkono kwa maji ya uvuguvugu. Hakulia. Mtoto wa miaka tisa asiyelia, fundi wa nguo hajui kumrekebisha.

6. La mwisho ni huyu mpiga simu. Barua zenu zinaanza "kufuatia taarifa ya raia mwema". Raia mwema gani huyu? Mtaa mzima sasa unatazamana kwa jicho la pembeni. Kinyozi anamshuku muuza genge, muuza genge anamshuku kinyozi, na kaka ameapa kwamba akimjua atamhamisha mtaa. Huyu mtu akipiga, mnaandika. Mkiandika, wifi anatabasamu. Wifi akitabasamu, mimi nalala sakafuni. Akili gani hiyo? Ameona simu ya kwanza imeleta godoro la kuazima, akapiga ya pili. Ameona ya pili imeleta mchuzi wa kuazima, akapiga ya tatu, mpaka akamfanya Kibonge kuwa mtoto wa watu. Juzi kapiga ya nne. Mtu kama huyo ni wa kukanywa.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya. Faili la Sisimizi lifungwe, nipumzike. Au notisi iwe ya mwezi mzima badala ya siku saba, ili nijipange. Au ofisi yako inunue godoro lake, viatu vyake, sufuria lake na mtoto wake mmoja mnene, iwe inakuja navyo na kuondoka navyo. Na raia mwema aandikiwe barua kali, yenye mhuri.

Nisalimie maafisa wote, yule aliyehamishwa na huyu mpya, na yule wa kwanza mwambie mpishi wa ule mchuzi anamsalimu pia. Salamu kwa mpiga chapa wa orodha, kazi yake haina kosa hata moja. Kibonge anawasalimu, anaomba picha yake.

Ni mimi, mwenye mgongo unaouma,
Fundi cherehani, mlango wa pili

N.B. Raia mwema ni mimi. Mara zote nne nilipiga kwa simu ya kinyozi nikiwa nimebana pua, kwa sababu kaka ndiye aliyeninunulia cherehani hii na ndiye anayeweza kuichukua. Leo asubuhi wifi amekuja na barua yenu ya ukaguzi wa Alhamisi, anatabasamu. Nimemwambia siazimi. Sijawahi kumwambia hivyo. Sisimizi yuko kwangu, na mkono wa pili sasa nao umevimba. Wanamtafuta, nimesema nimemtuma sokoni, lakini uongo huo hautafika jioni. Cherehani wakiichukua waichukue, mtoto simrudishi. Jina langu kamili liko nyuma ya bahasha, liandikeni kwenye faili kwa herufi kubwa. Yote niliyoomba huko juu yafute. Barua hii nimempa Kibonge ailete mbio, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka aondoke na mtu. Ukimwona mtoto mnene amesimama mbele yako anahema, usimpime uzito. Mfuate.